Nani Anaosha Sahani Barcelona?

Nianze kwa kuungama. Mimi sijawahi kufika Barcelona. Sijakanyaga Hispania, pasipoti sina, na ndege nazijua kwa kuzitazama zikipita juu ya bati letu. Hata hivyo nimeandika sura nzima ya riwaya, kurasa kumi na nne za daftari kubwa, ambamo kijana wangu, ndiye shujaa wa kitabu, anakula chakula cha usiku katika mkahawa wa kifahari wa jiji hilo. Humo mna vinara vya fedha, vitambaa vyeupe, glasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na mhudumu anayeinama kila akiweka sahani mezani. Niliipenda sura ile kuliko zote. Usiku nilikuwa naisoma peke yangu natabasamu.

Siku moja nikaisoma mbele ya wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Makofi yakapigwa. Kisha dada mmoja, ambaye asubuhi huuza maandazi na chai kabla hajashika kalamu, akanyoosha mkono. Akasema, "Kaka, sura tamu. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Huyo bwana kaletewa sahani ishirini na sita. Sasa nani anaziosha?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ila kwa nje tu. Moyoni nilikuwa nimepigwa hasa. Maana baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nilifanya kazi miezi minane katika jiko la hoteli moja ya watalii. Kazi gani? Kuosha sahani. Vidole vilikuwa vinakunjamana kama vya mzee, na nikilala nazisikia sahani zikigongana. Mtu niliyetoka kwenye sinki, nimeandika karamu ya kurasa kumi na nne na sinki silioni! Loh!

Basi nikaiweka sura ile kando, nikaanza kutafuta. Nilitaka kujua mikahawa hiyo ya Barcelona inasimulia nini yenyewe, na waandishi walioijua kweli waliiandikaje. Haya ninayowaletea ndiyo niliyoyapata.

Najua yupo atakayesema: utahakiki vipi chakula ambacho hujaonja? Ni swali la haki, na jibu langu ni fupi. Ladha sihakiki. Hiyo nawaachia wenye ndimi zilizofika. Mimi nahakiki hadithi. Mikahawa hii haiuzi chakula tu, inauza hadithi pia. Orodha ya vyakula imepangwa kama sura za kitabu, ina mwanzo, ina kilele, ina mwisho mtamu. Wapishi wake wametungiwa vitabu na filamu. Hadithi hizo zinasomeka hata na mtu aliyekaa Morogoro na kikombe cha uji.

Tuanze na nyota, maana ndizo zinazotafutwa na kila mtu. Hutolewa na kitabu cha Michelin cha Ufaransa. Cha ajabu ni kwamba Michelin ni watengeneza matairi! Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard, walitoa kitabu hicho bure kwa wenye magari, ili watu wasafiri zaidi na matairi yaishe upesi. Nyota zikaanza mwaka 1926, na ngazi zake tatu zikakamilika miaka ya thelathini. Nyota moja, mkahawa ni mzuri katika daraja lake. Mbili, inafaa upinde njia uupitie. Tatu, inafaa ufunge safari kwa ajili yake tu. Katika toleo la mwaka 2024 mikahawa minne ya jiji la Barcelona ilikuwa na nyota tatu: ABaC, Lasarte, Cocina Hermanos Torres na Disfrutar.

Wazee wetu walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Hawa wenzetu wametengeneza nyota ambazo kazi yake hasa ni kusafiriwa. Sisemi kwa kebehi. Ninachosema ni kwamba mimi nami niliisafiria nyota hiyo kwa kalamu, bila kuuliza inawamulika akina nani na inawaacha gizani akina nani.

Hadithi kubwa katika ukoo wa mikahawa hii haianzii jijini, inaanzia kaskazini mwa Barcelona, kwenye ghuba ya Cala Montjoi karibu na mji wa Roses. Hapo palikuwa na elBulli ya Ferran Adrià. Mkahawa huo ulipata nyota ya tatu mwaka 1997, ukatajwa mara tano kuwa wa kwanza duniani katika orodha ya mikahawa hamsini bora, na ukafunga milango tarehe 30 Julai 2011. Ulikuwa unafunguliwa karibu nusu ya mwaka tu. Nusu nyingine Adrià na wenzake walijifungia katika karakana yao Barcelona, wanabuni vyakula vya msimu ujao.

Sasa sikilizeni. Adrià alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa L'Hospitalet, ambao umeungana na Barcelona. Shule aliiacha. Mwaka 1980 alipata kazi katika hoteli moja ya pwani huko Castelldefels. Kazi gani? Kuosha sahani! Nilipofika hapo nilifunika kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Mtu aliyekuja kuwatia kiwewe wapishi wa dunia nzima alianzia pale pale nilipoishia mimi.

Mwaka 1994 akaleta povu. Anachukua kitu, tuseme maharage meupe, anakitoa povu jepesi lenye ladha ile ile, lakini ukiliweka mdomoni limeshayeyuka. Baadaye, kuanzia mwaka 2003, yakaja mabonge madogo yanayoonekana kama matunda, kumbe ndani ni maji matupu. Huchanganya juisi na unga utokanao na mwani, kisha huidondosha katika maji yenye kalsiamu, na juu panajishika ngozi nyembamba. Zeituni yake ukiibana kwa ulimi inapasuka. Nilicheka peke yangu, maana katika miezi yangu minane nami nilikuwa bingwa wa povu, ila langu lilikuwa la sabuni.

Rafiki yangu mwenye kompyuta alinionyesha filamu ya Mjerumani Gereon Wetzel kuhusu elBulli. Nilitegemea kuona anasa. Wapi! Sehemu kubwa ni watu wazima wamesimama katika karakana, hawacheki, wanakihangaikia kiazi kitamu. Kiazi hiki hiki chetu! Wanakichemsha, wanakikaanga, wanakipitisha kwenye mvuke, wanakinyonya hewa, wanaonja, wanaandika, wanapiga picha, wanarudia. Hakuna mshairi anayepigania mizani kwa uchungu kama wale walivyokuwa wanapigania kiazi. Filamu ile nilijifunza kwayo kuliko semina tatu za uandishi, na nawaambia vijana wenzangu wanaoleta hapa rasimu ya kwanza bila kuisoma tena: tazameni wenzenu wanavyorudia kiazi.

Wawili kati ya wale waliokuwa wanahangaika karakanani, Oriol Castro na Eduard Xatruch, pamoja na mwenzao wa elBulli, Mateu Casañas, ndio walioanzisha Disfrutar, Desemba 2014, mtaa wa Villarroel, mkabala na soko la Ninot. Jina lake ni neno la Kihispania, maana yake kufurahia. Nyota ya tatu walitangaziwa Novemba 2023, na mwaka 2024 wakawekwa wa kwanza duniani katika orodha ile ile ya hamsini bora. Mwaka huo mlo wao wa vipande karibu thelathini ulikuwa unakaribia euro 300 kwa mtu mmoja, vinywaji mbali. Kwa shilingi za Tanzania za mwaka huo ni zaidi ya laki nane.

Mojawapo ya vyakula vyao vinavyosifiwa sana ni makaroni. Makaroni yenyewe si ya unga, ni mirija ya jeli angavu, unaona hadi upande wa pili, na mchuzi wake unamaliziwa pale pale mezani mbele ya mlaji. Kama hadithi, mimi chakula hiki nakisifu. Ni mzaha, tena mzaha wa kiungwana. Lakini tuuchambue mzaha huo unasimama juu ya nini. Mlaji anashangaa kwa sababu anayajua makaroni ya kawaida, yale ya sufuria, ya Jumapili kwao, ya mama aliyekuwa anakagua kama kila mtoto kapata. Ukiyaondoa makaroni ya mama, haya ya jeli hayana maana tena, ni mirija tu. Kwa hiyo sahani hii ya gharama inalikopa jiko la kawaida. Hoja yangu kubwa katika tahakiki hii ndiyo hiyo: ufundi wa juu wa mikahawa hii unaishi kwa mkopo wa jiko la chini. Na mkopaji mwungwana humtaja aliyemkopesha.

Je, wanamtaja? Hapo ndipo nina ugomvi nao.

Mwandishi Lisa Abend aliandika kitabu juu ya msimu wa mwaka 2009 pale elBulli. Anawafuata wanagenzi, vijana thelathini na kitu kutoka nchi mbalimbali, waliokwenda kufanya kazi bila mshahara, wakipewa malazi na chakula, ili wajifunze. Wanasimama saa nyingi kuzunguka meza moja ndefu, kila mmoja na kakazi kake kadogo kanakorudiwa mara elfu. Mwaka 2017 jambo hili lilizua mjadala mkali Hispania nzima. Mpishi mmoja mashuhuri wa Barcelona alitetea utaratibu huo, kwamba kujifunza mahali kama pale ni bahati, na kwamba mkahawa wa aina ile haungeweza kujiendesha kama kila mtu jikoni angelipwa. Wengi wakamjia juu.

Mimi sitaki kuwa hakimu wa mbali. Uanagenzi tunaujua. Fundi seremala wa mtaani kwetu naye ana vijana anaowalipa sahani ya wali na maneno makali. Wapo waliotoka pale wakawa mafundi, na Castro na wenzake ni ushahidi kwamba kusimama katika jiko kubwa kunazaa matunda. Lakini kama mlo wa laki nane hauwezi kusimama bila mikono isiyolipwa, basi hadithi ya mlo huo ina pengo. Orodha ya vyakula inakutajia kamba ametoka bahari gani, jibini limetoka kijiji gani, zeituni ni za aina gani. Kijana aliyemenya hao kamba kutoka saa nne asubuhi, yeye hana kijiji. Katika riwaya tungesema mwandishi amemsahau mhusika. Na mimi, kwenye sura yangu ya kurasa kumi na nne, nilimsahau yule yule.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Pale Cocina Hermanos Torres, mkahawa wa mapacha Sergio na Javier Torres uliofunguliwa mwaka 2018 katika jengo lililokuwa la viwanda, jiko limewekwa katikati ya ukumbi na meza zimelizunguka. Unakula huku unawaona wanaopika. Na mapacha hao husimulia kwamba mapishi waliyapata kwa bibi yao, aliyekuwa mpishi wa familia za wenye nacho. Huko ndiko kumtaja aliyekukopesha. Bado sinki sijaliona, lakini angalau pazia limefunguliwa nusu.

Nikarudi sasa kwenye nyumba yangu, yaani riwaya. Barcelona ina mwandishi aliyeyajua haya yote kabla ya povu na mirija ya jeli: Manuel Vázquez Montalbán, mzaliwa wa mwaka 1939 katika mtaa wa Raval, enzi hizo mtaa wa makabwela, aliyefariki mwaka 2003. Upelelezi katika riwaya zake unafanywa na Pepe Carvalho, mlaji mkubwa. Tena Carvalho ana tabia moja ya kuudhi, huchoma vitabu ili kuwasha moto nyumbani kwake. Mimi ninayekopa vitabu kwa foleni, jambo hilo lilinichoma kweli kweli. Lakini anapopika, au anapoingia kula, mwandishi anaandika kama mtu aliyewahi kuona njaa.

Nakala yangu ni ya tafsiri ya Kiingereza, kurasa za mwisho zimekatika kona, na niliisoma kamusi ikiwa pembeni. Ni ile Los mares del Sur, yaani Bahari za Kusini, iliyopata tuzo ya Planeta mwaka 1979. Tajiri mmoja, Stuart Pedrell, anaaga kwamba anakwenda visiwa vya mbali vya Pasifiki kama mchoraji Gauguin. Baadaye anakutwa ameuawa kwa kisu, tena hapo hapo Barcelona. Alikuwa wapi muda wote? Carvalho anagundua kwamba hakuvuka bahari yoyote. Alikuwa amejificha pembezoni mwa jiji, katika mtaa wa wafanyakazi ambao kampuni yake mwenyewe ilikuwa imeujenga, mtaa mbaya, wa nyumba za ovyo. Safari yake ya mbali ilikuwa kwenda kuwaona watu aliowajengea.

Ndani ya riwaya hii watu wanakula sana, na hakuna mlo wa bure. Kuna profesa wa fasihi anayeitwa kusaidia kufumbua mashairi aliyoacha marehemu, lakini kwanza panabishaniwa namna ya kupika paella, wali wa Kihispania. Nani asiyeujua ubishi kama huo? Sisi pilau moja inaweza kuvunja undugu. Hata ukoko wanaugombea kama sisi, na kule umepewa jina la heshima, socarrat. Na ofisini kwa Carvalho anayepika ni Biscuter, kibarua mdogo aliyefahamiana naye gerezani. Biscuter ana jina, ana yaliyopita, ana wasiwasi kama mchuzi umekubali. Hapo ndipo nilipopata jibu la dada yangu wa maandazi. Katika riwaya za Vázquez Montalbán, aliye jikoni ni mtu.

Kasoro zipo. Wanawake wake wengi wanapita kama vivuli, na Biscuter mwenyewe mara nyingine anafanywa kichekesho kupita kiasi. Ila mwandishi huyu alikuwa anakula Casa Leopoldo, mkahawa wa mtaani kwao Raval ulioanza mwaka 1929, na Carvalho naye akampeleka huko huko. Hakuhitaji kusafiria nyota ya mtu. Aliusifu hata mkate uliopakwa nyanya, mafuta na chumvi, ambao kwa Wakatalani ni kama kiporo kilichotiwa heshima, namna ya kuuokoa mkate uliokauka. Mtu anayejua thamani ya mkate mkavu, huyo akikuandikia karamu unamwamini.

Sasa nimeelewa kilichoharibu sura yangu. Nilidhani tatizo ni kwamba sijafika Barcelona. La hasha. Watu wengi wameandika mahali wasipofika. Tatizo ni kwamba nilikimbia mahali nilipofika. Kama yule Stuart Pedrell, niliaga nakwenda mbali, na kumbe kitu cha kuandika kilikuwa kwenye nyumba nilizozijua, kwenye sinki, kwenye vidole vilivyokunjamana. Ule ukumbi wa vinara niliuokota kwenye picha. Mlango wa nyuma wa jiko, saa sita usiku, mtu anatoka na ndoo ya mabaki huku anaimba kwa sauti ya chini, huo siuokoti popote. Ninao.

Kwa hiyo wasomaji wangu, sura ya saba naiandika upya. Barcelona inabaki, maana nimejifunza kuiheshimu: wale waliorudia kiazi mara hamsini, mapacha na bibi yao, Biscuter na sufuria yake. Sahani zinabaki ishirini na sita. Ila safari hii kijana wangu hakai mezani. Yuko nyuma, mikono majini, na anaujua mlo mzima kwa mabaki yanayomfikia: sahani hii imelambwa, hii imeachwa nusu, hii kuna mtu kailia machozi. Wanaokula atawajua wote bila kumwona hata mmoja.

Dada yangu nimeshampelekea kurasa nne za kwanza. Amezisoma akiwa anakanda unga, mkono mmoja. Akasema, "Haya, sasa nazisikia sahani." Halafu akaniuliza huyo kijana analipwa shilingi ngapi. Hilo, kwa kweli, bado sijaliandika.